Kilti Mbili za Mzee Rennie

Morag Rennie tulimzika Novemba iliyopita, siku ya mvua nyembamba iliyokaribia kuwa theluji. Habari za kifo chake nilipewa kwa simu na wakili wake, mtu nisiyemjua, akaniambia jina langu limo kwenye karatasi ya watu wa kuarifiwa. Watu wenyewe walikuwa saba. Baada ya maziko tulikaribishwa kwenye ukumbi wa kanisa, tukawekewa chai na mikate ya tango iliyokatwa pembetatu, na kwa kuwa sikumjua mtu nilikaa karibu na dirisha, sahani magotini, nikila polepole ili mikono yangu isikose kazi. Meza ya pili walikuwa wakimzungumzia marehemu: mwalimu wa hesabu, mkali, aliyependa bustani, ambaye hakuwahi kuolewa. Yote hayo ni kweli. Niliwasikiliza kama mtu anayesikia habari za mji aliowahi kuishi zamani, naye anakumbuka mtaa mmoja tu.

Nilimfahamu Morag kwa sababu nilimtunza baba yake. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Habari za kwetu Tukuyu, na za safari iliyonifikisha Toronto, nimeziacha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ulipita ndani ya nyumba moja ya matofali mekundu, yenye ngazi nyembamba na zulia la rangi ya majani makavu. Mzee Rennie alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alizaliwa Skotlandi, akaja Kanada kijana, akafanya kazi ya ufundi bomba mpaka akastaafu, akafiwa na mke, kisha kiharusi kikamchukua mkono na mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa namwogesha, namvalisha, nampikia na kulala chumba cha pili kutoka chake. Sheria ya wakati ule ilitaka mtu wa kazi yangu aishi miaka miwili ndani ya nyumba za waajiri ndipo aombe ukaazi. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na moja. Nikifukuzwa, ningelazimika kumtafuta mwajiri mwingine na kuomba kibali upya, na muda wangu ungekuwa unaniishia huku nasubiri.

Chumba changu kilikuwa cha kushonea cha marehemu mkewe. Cherehani ilikuwa bado iko pembeni, imefunikwa shuka, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Siku zilikuwa na mpangilio usiobadilika: uji wa shayiri wa chumvi saa moja, dawa, kuoga, gazeti, supu saa sita, kisha usingizi wa mzee mpaka alasiri. Saa zile za usingizi wake ndizo zilizonitesa. Nilikaa jikoni nikisikiliza friji ikiunguruma na kunyamaza, nikajikuta nayasemesha masufuria Kiswahili, nayaambia tu kwamba leo nimechelewa kuyasugua. Wiki iliweza kuisha bila mtu kunigusa mkono isipokuwa yeye anapoinuka kitandani. Nilimweleza siku moja kwamba kwetu mtu wa umri wake huitwa mzee, na ni jina la heshima. Akalijaribu mdomoni, akalipenda. Toka siku hiyo alikataa jina lingine. Naye alijifunza kuniita Atupele lote kamili, ingawa Morag aliniita Atu.

Morag alikuja kila Jumatano na Jumamosi. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye koti la kijivu alilolikunja kwenye kiti badala ya kulitundika, kama mtu asiyekusudia kukaa. Kabla hajamsalimu baba yake aliangalia kipimo cha joto ukutani. Hakuruhusu dirisha lifunguliwe. Baba yake aliwahi kuugua mapafu mara baada ya kile kiharusi, akalazwa wiki tatu, na tangu hapo baridi ilikuwa adui binafsi wa Morag.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja Bwana Gordon, rafiki wa zamani wa Mzee Rennie, akiwa na biskuti za siagi ndani ya kopo. Nilikuwa jikoni, mlango wazi, na nilijua tayari kwamba anayetaka kusikia mambo huosha vyombo polepole. Bwana Gordon alikuwa anaeleza kwamba Januari klabu yao ya kalingi itakuwa na siku ya wachezaji wa zamani, na wote watavaa kilti, ile sketi ya sufu yenye marinda wanayovaa wanaume wa kwao. Kalingi ni mchezo wa kuteleza mawe mazito juu ya barafu ili yafike kwenye duara lililochorwa upande wa pili, huku wenzako wakisugua barafu kwa brashi mbele ya jiwe ili liende mbali. Mzee Rennie alikuwa ameucheza miaka arobaini.

"Siku hizi wako wanaosukuma kwa fimbo, wamesimama," Bwana Gordon alisema. "Huhitaji kupiga goti. Huhitaji mkono wa kushoto."

Nikafunga maji ili nisikose jibu. Kisha nikamsikia Mzee Rennie akiuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Barafu ya njia ya tatu bado inavuta kulia?"

"Bado inavuta."

Jumamosi ile Morag alikataa. Alikataa jikoni, mbele yangu, huku akitoa matunda kwenye mfuko, na baba yake akimsikia kutoka sebuleni. Alisema ukumbi ule ni jokofu. Alisema yeye ndiye aliyekaa hospitali wiki tatu na si Bwana Gordon. Kwa siku nne mzee alikula nusu ya chakula, akaniomba nimgeuzie kiti kielekee dirishani, akakaa akitazama theluji. Siwezi kusema nilimwonea huruma tu. Nilimwona amekaa vile nikajiona mwenyewe jikoni. Jumatano Morag alipokuja nilimwambia, kwa Kiingereza changu cha kuchagua maneno, kwamba mimi naweza kwenda naye na kumshika muda wote.

Alinitazama sana. "Atavaa ile kilti nzito," alisema mwishowe. "Ya kijani. Na soksi mbili. Nusu saa, basi. Akitetemeka hata kidogo unamtoa. Unaelewa, Atu? Ukinidanganya hutabaki hapa."

Nikasema naelewa.

Kilti zilikuwa mbili, ndani ya sanduku juu ya dari, zikinuka dawa ya nondo. Niliziteremsha nikazitandika kitandani kwa mzee. Ya kijani iliyoiva ilikuwa ya sufu nene kama blanketi la jeshi, marinda yake yamelala mazito, na nilipoiinua kwa mkono mmoja kifundo kilipinda. Ya pili ilikuwa nyekundu yenye mistari ya njano, nyepesi, ya kuchezea dansi. Mzee alinyoosha mkono wake mzima, akaipita ile ya kijani bila kuigusa, akashika upindo wa ile nyekundu.

"Hii aliishona mke wangu. Chumbani kwako."

"Ni nyembamba, mzee."

"Nilikuwa naivaa kwenye barafu kila mwaka."

"Ulikuwa na miguu miwili," nilisema, na mara nikajuta. Lakini alicheka. Akasema ndiyo, ilikuwa miwili, na mizuri pia.

Nikamwambia sharti la binti yake. Nikamwambia pia kwamba ndani atavaa suruali ya kubana ya sufu, kwa sababu hapo Morag hakusema lakini mimi nilisema. Alikasirika kweli. Chini ya kilti, alisema, havaliwi kitu, na hatakuwa mtu wa kwanza katika klabu ile kuaibika. Nikamjibu kwamba mimi namwogesha kila siku na sijaona cha kuonea aibu wala cha kujivunia. Akageuza uso, na mabega yake yakaanza kucheka kabla ya mdomo. Tukakubaliana: kijani, soksi mbili, na suruali ya kubana iliyokatwa juu ya magoti ili isionekane. Niliikata mwenyewe, nikaipinda kwa ile cherehani ya mkewe. Ilikuwa mara ya kwanza kuifunua.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilipanda mabasi mawili mpaka Mount Dennis, ambako ibada ya Kiswahili ilifanyika mchana kwenye kanisa la kuazima. Wengi walikuwa Wakongomani na Warundi. Kule jikoni, nyuma ya ukumbi, alikuwako Mama Esperansi, mjane wa Uvira, aliyefanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Mara ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, salamu isiyotumika kwao, alicheka mpaka akashika meza, lakini aliniwekea wali kila Jumapili, hata nilipochelewa, na watoto waliokuwa wakikimbia pale wakimjibu Kiingereza aliwafundisha wanisalimie vizuri. Nikamweleza habari ya kilti.

"Ule mzee yako anavaa jupe?" aliuliza, akimaanisha sketi.

"Ni vazi la kwao, mama. La heshima."

"Magoti inje, na baridi hii?" Akaendelea kupakua maharage. "Lakini hata bwana yangu, nyumbani alikuwa anafunga kitenge, hapa, kwenye tumbo. Nilikuwa ninamuchekaka. Leo ningemuona amekifunga, sijui ningefanya nini." Akanipa sahani. "Ile nzito unasema, ina kilo ngapi?"

"Sijui. Nzito."

"Mimi ninabeba mashuka yenye maji kila siku. Nguo nzito inataka kiuno. Mzee yako ataibeba na nini?"

Nilirudi kwa basi nikiwa na wali wangu ndani ya kopo, nikijiambia kwamba amri ni amri.

Siku yenyewe Morag alikuwa na mkutano shuleni. Saa nne asubuhi nilimvalisha mzee. Soksi mbili, suruali ya kubana, shati jeupe, sweta, kisha kilti ya kijani. Nilimzungushia marinda yale, nikafunga bizimu za kiunoni, nikakaza mkanda wa ngozi, nikampa fimbo yake, nikamwambia asimame. Alisimama. Alipiga hatua moja kwa mguu mzima, akajaribu kuuvuta ule mwingine, na marinda yote yakamwelemea upande wa kushoto, nyonga ikapinda kama mlango uliong'oka bawaba. Nilimdaka. Tukajaribu tena. Mara ya tatu alikaa kitandani mwenyewe, akatazama ukuta, na machozi yakamtoka bila uso wake kubadilika.

"Mpigie Gordon," alisema. "Mwambie nina mafua."

Nimewahi kujiuliza mara nyingi kama nilifikiri wakati ule. Nilijua sharti. Nilijua miezi iliyobaki, nilikuwa naihesabu kwenye kalenda ndani ya mlango wa kabati langu. Nilichokifanya ni kupiga magoti, kufungua bizimu, kumvua ile ya kijani na kuchukua ile nyekundu iliyokuwa bado imekunjwa juu ya kiti. Ilimkaa. Mkewe alikuwa amemshonea akiwa mnene, kwa hiyo nilivuta mikanda mpaka tundu la mwisho. Alisimama, akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Hakusema asante. Alisema, "Teksi," nami nikapiga simu.

Ukumbi ulikuwa na njia nne za barafu, nyeupe chini ya taa, na upande mmoja, juu kidogo, palikuwa na chumba chenye kioo kirefu ambamo watu walikaa kwenye joto wakitazama. Mzee mmoja alipuliza zumari yao yenye mfuko, wanaume kama ishirini wakavua kofia, magoti yao mekundu, na jina la Mzee Rennie lilikuwa kwenye ubao wa washindi wa zamani, mahali pawili. Walimjia mmoja mmoja. Hakuna aliyemsemesha kwa sauti kubwa kama watu wanavyowasemesha wagonjwa. Walimuuliza yuko njia gani, akasema ya tatu.

Nilisimama nyuma yake, nimeshika mkanda wake kwa mikono miwili, viatu vyangu vimefungwa mipira ya kuzuia kuteleza. Bwana Gordon aliweka jiwe mbele yake. Mzee aliingiza ncha ya fimbo ndefu kwenye mpini wa jiwe, akalilenga, akalisukuma, akalizungusha kidogo mwishoni kwa kifundo cha mkono. La kwanza lilifia njiani. La pili lilikwenda, wale wawili wakisugua mbele yake, wazee wenye pumzi fupi, nalo likapinda kulia taratibu kama alivyokuwa amesema, likaingia kwenye duara likasimama. Alishusha pumzi. Hapo ndipo nilipousikia mtetemo. Ulipita kwenye ngozi ya mkanda ukaingia mikononi mwangu, mdogo na wa haraka, kama cherehani inapoanza.

"Una baridi, mzee. Twende."

"Bado."

Tulicheza zamu ya pili, na ya tatu. Kila zamu alikuwa na mawe mawili. Midomo yake ilibadilika rangi. Nilimuuliza tena, akatikisa kichwa. Nusu saa ilikwisha, ikapita. Mara ya tatu nilimwambia sikioni kwamba naomba, kwamba nitafukuzwa, kwamba sina mahali pa kwenda. Aligeuza uso wake mpaka nikaona jicho lake moja, la buluu, lenye maji.

"Atupele," alisema, "miaka miwili sijasikia chochote. Sasa nasikia magoti yangu. Nipe jiwe moja."

Nikamshika mkanda. Akacheza jiwe moja, kisha la pili ambalo hakuwa ameliomba, na la mwisho lilipita duara lote likagonga ukuta, na wenzake wakagonga barafu kwa brashi zao, tok, tok, tok, ndivyo wanavyopiga makofi. Nilipoinua kichwa kuelekea kwenye kioo nilimwona Morag, amesimama, koti la baba yake mkononi. Nikadhani amefika wakati ule.

Morag alituendesha, macho barabarani. Nyumbani nilimweka mzee kwenye maji ya moto, nikamsugua miguu, nikampa supu, akalala akiwa na mashavu mekundu. Morag alinisubiri jikoni. Kilti ya kijani alikuwa ameikuta kitandani.

"Ulinidanganya."

"Ile ilimwangusha. Hakuweza kutembea nayo."

"Basi asingekwenda. Nilikwambia nini?"

"Uliniambia."

"Mpaka mwisho wa mwezi," alisema, akachukua koti lake la kijivu kutoka kwenye kiti.

Sikulia mbele yake. Niliingia chumbani, nikafungua kabati, nikatazama kalenda. Jumapili Mama Esperansi alisema atawauliza watu wa kanisani kama kuna familia inayotafuta mtunzaji, na akaniambia naweza kulala kwake sakafuni. Lakini mwisho wa mwezi ulifika, Morag akaja na matunda kama kawaida, akayaweka mezani, akaniuliza kama dawa za moyo zimebaki za siku ngapi. Hakurudia habari ile. Nami sikuigusa.

Mzee hakuugua mapafu. Alikula vizuri Februari yote, akasimulia jiwe lile la pili kwa fundi wa friji, kwa mleta barua, kwangu mara zisizo na idadi. Mwishoni mwa Machi, asubuhi, nilimpelekea uji nikakuta amekwenda. Daktari alisema ni moyo, ulikuwa umechoka siku nyingi, wala hauna uhusiano na barafu. Nilimwamini. Hata hivyo kwa miaka mingi nikiwa na mkanda mkononi, wa mtu yeyote ninayemvalisha kazini, nilikuwa nasikiliza kwa vidole.

Baada ya mazishi Morag alinitafutia familia iliyohitaji mtunzaji, akaandika barua ya kurasa mbili kuhusu kazi yangu, na muda wa kusubiri kibali kipya akaniacha nikae pale. Alikuja kila siku kupanga vitu. Alasiri moja tulikuwa tunakunja nguo za marehemu, zipi za kanisa, zipi za kubaki. Alipofika kwenye ile nyekundu aliiweka magotini. Aliuliza bila kunitazama.

"Alihisi baridi?"

Ningeweza kumwambia hapana. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo tangu Januari, na yeye, nadhani, alikuwa ananipa nafasi ya kulitoa.

"Sana," nilisema. "Tangu jiwe la pili. Nilimwomba tutoke mara tatu. Akakataa."

Aliinamisha kichwa polepole, akilinyoosha rinda moja kwa kidole gumba, kisha lingine.

"Najua," alisema. "Sikwenda kwenye mkutano. Nilikuwa kwenye kioo tangu zumari. Niliona ametetemeka, nikashika koti, nikafika mpaka mlango wa barafu." Akaugeuza upindo wa kilti. "Nilisimama pale. Mkono wangu ulikuwa juu ya kitasa. Halafu akacheka na Gordon, nikarudi nyuma."

Nikamuuliza kwa nini basi alitaka kunifukuza.

"Kwa sababu mmoja wetu alitakiwa kumtoa."

Nilichemsha chai, tukainywa tumesimama, kwa kuwa viti vyote vilikuwa na nguo. Hatukuwa marafiki baada ya hapo. Aliniletea kadi nilipopata ukaazi, na kila mwaka nyingine mwezi wa kumi na mbili, maneno mawili na jina lake. Ile kilti nyekundu sijui aliipeleka wapi. Bwana Gordon na wale wazee wengine walikuwa wanatazama mawe. Waliojua kwamba Mzee Rennie alitetemeka mchana ule, na kwamba aliachwa atetemeke, tulikuwa wawili. Nilimaliza mkate wangu wa tango pale ukumbini, nikafuta vidole, nikaaga watu ambao hawakujua jina langu, na sasa nimebaki mmoja.